Kadi ya Watu Sita

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Wengi wenu mnasoma mmesimama, jicho moja kwenye simu, na mkiulizwa mmesoma nini mnasema mmeelewa. Mimi niliishia darasa la nne. Naandika polepole, na haya sikupenda kuyaandika. Lakini nimewasikia mkibishana habari ya bima ya afya, mkiwa dukani, mkiwa mnachuma njegere, mkitoka kanisani. Huyu anasema ni haki yetu, yule anasema ni kodi nyingine imevalishwa nguo nyeupe. Mnabishana vizuri. Ila mnabishana kama watu ambao bado hawajafiwa. Mimi nimefiwa, na niliyefiwa naye nilimpoteza kwa kuhesabu watu vibaya. Hesabu hiyo sikufundishwa shuleni. Nilifundishwa nyumbani, na nikaishika kuliko sala.

Kwetu ni juu mlimani. Ukitoka mjini Morogoro unapanda kwa miguu saa mbili, kama huna mzigo. Nimeteremka njia ile na karai la njegere kichwani tangu sijaolewa, na bado nateremka, ingawa magoti yananisema. Chini, kabla ya kuingia mjini, kuna kizuizi cha ushuru. Wenzangu wengi walikuwa wanapita njia ya mtoni ili wasionane nacho, wanatokea nyuma ya nyumba za watu, matope hadi magotini. Mimi sijawahi. Nilisimama, nikatoa ushuru wangu, nikachukua stakabadhi, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

Walinicheka. Mmoja alikuwa akiniambia kila soko, "Huyu mama serikali imemuoa."

"Imenioa, ndiyo," namwambia. "Wewe umebaki unachumbiwa na vichaka."

Sikuwa nalipa kwa sababu napenda kulipa. Nani anapenda? Mama yangu alinisimulia wanaume wa zamani walivyokuwa wanakimbilia msituni wakisikia mtoza kodi ya kichwa amefika, wanarudi baada ya siku nne wamedhoofu, wanawake ndio waliobaki kujibu. Mimi nilisema sitakimbia. Nikilipa, nina mdomo wa kuuliza. Na zahanati yetu ilipojengwa, kila kaya ikatakiwa kwenda msaragambo, kubeba mawe kutoka mtoni. Nilibeba ya kwangu, nikabeba na ya jirani aliyekuwa na mimba kubwa. Jiwe moja lilinichubua utosi, alama ipo hadi leo. Aliyekosa kuja nilimfuata mlangoni kwake nikamwambia aone aibu. Kwa hiyo mjue, anayeandika haya si mtu wa kukwepa wajibu. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mtu wa mbali halijui, na vijana wetu wa siku hizi wanalisahau. Sisi Waluguru tunahesabu watu kwa mama. Mtoto wa binti yangu ni wangu, ni wa ukoo wangu, atarithi shamba nililorithi kwa mama yangu. Mtoto wa mwanangu wa kiume si wa ukoo wangu. Ni wa ukoo wa mama yake. Hata akilala kwangu, hata akila kwangu, shamba lake liko kwao, mjomba wake ndiye atakayesimama siku ya kuolewa, na akifa atazikwa kwao. Sisi wa upande wa baba tunampa jina. Tukishampa jina, kazi yetu imekwisha. Ndivyo nilivyolelewa.

Mwanangu wa kiume alikuwa na binti mmoja. Yeye mwenyewe yuko Dumila, anapakia vitunguu na mahindi kwenye malori. Mama wa mtoto aliondoka akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za majumbani, na huko akapata maisha mengine. Mtoto waliniachia mimi, ameachishwa ziwa juzi tu. Nikasema sawa, nitamkalia hadi watu wa kwao waje wamchukue. Wa kwao wako ng'ambo ya mto, mgongo wa pili wa mlima. Hawakuja. Na mimi sikumpeleka. Akakua. Jina tulimpa la mama yangu mzazi, kwa hiyo nilikuwa namwita "mama" mbele za watu, na wakati mwingine nilimwamkia kwa utani, "Shikamoo mama," naye anaitika "Marahaba mwanangu" na pengo lake la meno, watoto wa binti yangu wanaanguka chini kwa kicheko.

Alikuwa msomaji wetu. Darasa la tatu tu, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta maandishi kama kuku anavyotafuta punje. Stakabadhi zangu za ushuru alizisoma zote, kwa sauti, mpaka na yale maneno madogo ya chini. Mfuko wa mbolea, anasoma. Tangazo la mkutano kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, anasoma, watu wazima wanasimama nyuma yake kumsikiliza, maana wengine wanaona haya kusema hawajui kusoma, wanasema miwani wamesahau wakati hawana miwani.

Mwaka ule akaja mwandikishaji wa bima. Kijana wa mjini, suruali yake imebana, mkononi ana kishikwambi. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alifika asubuhi, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Shikamoo bibi," akasema, macho chini.

"Marahaba. Unaniamkia mimi au hicho kioo chako?"

Akasimama, akaamkia upya. Basi nikampa uji.

"Bibi, kaya yako ina watu wangapi?"

"Kwani wewe unaona wangapi?"

"Mimi hapa naona kuku tu, bibi."

Tukacheka. Alikuwa kijana mzuri, sina neno naye. Akatueleza. Kadi moja ni ya mwaka mmoja, inabeba watu sita. Mkuu wa kaya na wengine watano, wale wanaolala pamoja na kula pamoja. Kila mmoja anapigwa picha, anapewa nakala yake. Mtu akiumwa anaenda na kadi yake, hatoi kitu.

Aliposema picha, nyumba ikachafuka. Watoto wakakimbilia maji. Yule mjukuu wangu wa ng'ambo ya mto alinawa uso, akajipaka mafuta hadi anang'aa, akavaa sweta la shule ingawa haikuwa siku ya shule, akaja akakaa mwisho wa benchi. Akamuuliza kijana, "Kaka, nicheke au nisicheke?"

"Usicheke," kijana akamwambia. "Mfumo unataka uso umetulia."

Basi akakaza uso. Nikimkumbuka, namkumbuka hivyo, amekaza uso, mdomo umefungwa ili pengo lisionekane.

Nikaanza kumtajia kijana majina. Mimi. Binti yangu, ambaye mume wake alirudi kwao na hatuna habari naye. Watoto watatu wa binti yangu. Tukafika watano.

"Wa sita?" kijana akauliza, na kidole chake kimeshamwelekea yule wa mwisho wa benchi.

Nikamtaja kaka yangu.

Kaka yangu ana nyumba yake, hapo juu kidogo ya kwangu. Mke wake alishafariki, anapika mwenyewe, anakula mwenyewe. Lakini kaka yangu ndiye mkubwa wa ukoo. Ndiye mjomba wa wanangu wote. Kuandika watu wa nyumba nikamwacha mjomba ni sawa na kujenga nyumba nikaacha nguzo ya kati. Hata sikufikiri. Jina lilitoka lenyewe.

Binti yangu akaniangalia. "Mama, na huyu?"

"Huyu ana kwao."

"Kwao wapi, mama? Miaka sita analala kitanda kimoja na wewe."

"Ana mjomba wake. Wenye mtoto watamwandika kwenye kadi yao. Tukimwandika sisi watasema tunataka kuwanyang'anya mtoto wao. Unataka maneno?"

Kijana naye akaingia. "Bibi, samahani. Huyo mzee yuko nyumba nyingine, mimi kwa utaratibu naona bora mtoto."

"Wewe ulisema unaona kuku," nikamwambia. "Endelea kuona kuku."

Akaniambia tu, kwa upole, wa saba inabidi afunguliwe kadi nyingine. Nikamwambia atafunguliwa na kwao. Kisha nikageuka, nikamwambia mtoto, "Toka hapo kwenye benchi, unajaza nafasi. Nenda kachume mboga."

Akatoka. Hakulia. Angelia pengine ningeshtuka. Alienda, akachuma mboga, akaziosha vizuri, akaziweka kwenye ungo, mafuta bado yanang'aa usoni.

Kadi zilipokuja tukampa yeye azisome, kwa sababu ndiye msomaji. Akasoma jina la kwanza hadi la sita, kwa sauti ile ile ya kusomea stakabadhi. Akazipanga, akanirudishia. Hakuuliza kitu. Na mimi sikutuma mtu ng'ambo ya mto kuuliza kama wa kwao wamemwandika. Ningeweza kutuma. Kila Jumapili tunaonana na watu wa kule kanisani. Mdomo wangu wa kuuliza serikali ulikuwa mrefu, wa kuuliza ng'ambo ya mto sikuwa nao.

Homa ilimshika wakati wa masika. Alirudi shuleni anatetemeka. Nikampa vidonge vya dukani na majani ninayoyajua mimi. Siku ya pili asubuhi akaamka amechangamka kidogo, akanisaidia kumenya njegere, akala nyingine mbichi kama kawaida yake, nikamkemea kama kawaida yangu. Nikasema imepita. Siku ya tatu akatapika. Macho yakawa meupe ndani.

Binti yangu akasema, "Mama, nampeleka zahanati."

Zahanati ile ile niliyoibebea mawe. Kutoka kwangu, ukienda kwa mwendo wa haraka, nusu saa na umefika.

Kaka yangu alikuwa amekaa pale kwangu. Akasema, "Mtoto wa watu akizidiwa mikononi mwenu mtaulizwa. Apelekwe kwao." Simsingizii. Alisema lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo kulisema. Nikamwambia binti yangu, "Kadi kwetu hana. Mpeleke kwa mjomba wake. Wao wana kadi yao, wao ndio wenye kumtibu."

"Mama, kwao ni saa tatu na mvua hii."

"Basi anza sasa."

Akamfunga mgongoni na kanga, akamfunika nailoni juu. Mtoto akaniuliza, "Bibi, nitarudi lini?"

"Ukipona," nikamwambia.

Mimi nikaenda kuchuma njegere za soko la kesho yake.

Yaliyotokea ng'ambo ya mto nilisimuliwa na binti yangu, na sitaongeza neno. Walifika jioni wamelowa. Mjomba wa mtoto alikuwa shambani kwake kule juu, walimsubiri. Aliporudi akashangaa. "Hamkumwandika? Sisi hapa tumejaa sita. Tulijua kaandikwa huko anakolala." Hakusema kwa ubaya. Kila upande ulikuwa na adabu zake. Sisi tuliwaachia nafasi yao, wao wakatuachia nafasi yetu, na mtoto akabaki katikati. Wakataka waondoke naye muda ule ule, lakini mto ulikuwa umefura, hauvukiki. Wakampa uji, wakamkanda. Kulipokucha mto ukapungua, mtoto akaanza degedege. Mjomba akambeba kifuani akashuka mbio.

Na zahanati iko upande wetu. Kwa hiyo walipita tena njia ya chini ya nyumba yangu. Nilikuwa najitwika karai la soko nikaona mwanaume anakimbia kwenye utelezi na kitu kifuani, nyuma yake binti yangu, kanga mkononi. Nikalitua karai. Nikaingia ndani, nikachukua kadi yangu, nikawafuata. Magoti yangu siku ile hayakunisema chochote.

Nilipofika muuguzi alikuwa ameshamlaza. Nikaiweka kadi yangu mezani, nikamwambia, "Andika kwa hii."

Hakuiangalia. "Bibi, sijakuuliza kadi. Mtoto hana damu. Mmemtoa wapi?"

Binti yangu ndiye aliyejibu, akaeleza yote, juzi, jana, ng'ambo, kurudi. Yule muuguzi ni binti mdogo, pengine hajafikia umri wa binti yangu. Alikuwa anamchoma mtoto sindano huku anasikiliza. Alipomaliza akaniambia, bila kunipandishia sauti, "Mngemleta juzi. Ya kadi tungeyazungumza baadaye. Hapa hatujawahi kumrudisha mtoto."

Nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, na hakuna tusi lililonikaa kama maneno yale ya heshima.

Akaandika barua ya kwenda hospitali ya mjini, aongezwe damu. Gari lisingepanda kwa matope yale. Wakachukua pikipiki, mjomba akakaa nyuma na mtoto kifuani. Mtoto alikata roho njiani, pale kwenye kona ambapo mapaa ya mjini yanaanza kuonekana. Mjomba wake alimwambia dereva asigeuze kwanza. Walikaa pale kando ya barabara muda mrefu, mwenye pikipiki amevua kofia yake amemfunika mtoto usoni, mvua isimpige.

Akazikwa kwao. Ndivyo ilivyo, nilishawaambia. Nilivuka mto kwenda kuzika mtoto aliyelala ubavuni kwangu miaka sita, na kule nikawa mgeni, nikapewa mkeka wa wageni. Katekista akalitaja jina lake juu ya kaburi, na lilikuwa jina la mama yangu. Mama yangu nilishamzika mara moja.

Kabla ya hapo, kaburi likiwa bado linachimbwa, mwanangu alifika kutoka Dumila na nguo za kazini, maganda ya vitunguu yamemganda kwenye mabega. Alinisalimia. Akaniuliza swali moja tu.

"Mama, kwenye kadi alikuwepo?"

Ningeweza kumwambia habari ya mto, habari ya mvua, habari ya mjomba. Nikamwambia, "Hapana."

Akashika jembe akaingia kaburini kusaidia kuchimba, ingawa baba hachimbi. Watu walimwambia atoke, hakutoka. Tangu siku ile salamu zake zinanifikia kwa dada yake. Msaada wa sabuni na sukari analeta, kwa mkono wa dada yake. Simlaumu. Ila kila simu ya binti yangu ikilia naacha ninachofanya, nasikiliza kama atasema "mpe mama."

Baada ya hapo ndiyo ukaja mkutano wa kijiji. Mtendaji alisimama kutueleza habari ya sheria ya bima ya afya kwa wote, kwamba sasa kila mtu atatakiwa kuwa nayo, na wasio na uwezo watatafutiwa utaratibu. Watu wakachachamaa.

Kijana wa bodaboda akasema, "Mheshimiwa, mimi nalipa kwenye mafuta, nalipa kwenye vocha, nalipa hadi kwenye kiberiti. Si mchukue humo humo mtutibu?"

Mama mmoja muuza maandazi akasema, "Mimi mwaka mzima sijaumwa hata kichwa. Hela yangu ya kadi imeliwa na nani?"

Mzee mmoja nyuma akamjibu, "Na mwenzako aliyeumwa. Au unataka uumwe ili uifaidi?"

"Niumwe halafu niambiwe dawa hakuna, nikanunue dukani?"

Hapo wengi wakapiga makofi, hata mimi. Maana ni kweli. Nimeshaambiwa hivyo na kadi mkononi. Kulipa nalipa, na aliyelipwa anapaswa kusemwa.

Nikanyoosha mkono. Mtendaji akasita, ananijua. Nikamuuliza, "Hii sita aliitoa nani? Nani aliwaambia nyumba ya Mluguru ina watu sita?"

"Bibi, ni utaratibu."

"Utaratibu umeandikwa na watu wenye watoto wawili na geti."

Kicheko kikavuma, vijana wakapiga miluzi. Ningekaa pale ningebaki shujaa wa mkutano. Nilikuwa nimeshaanza kukunja kanga nikae. Lakini mbele yangu walikuwa wamekaa watu wa ng'ambo ya mto, na mjomba wa yule mtoto alikuwa mmoja wao, ndiye pekee ambaye hakucheka. Nikabaki nimesimama.

Nikasema, "Mnajua nimezika. Nawaambia msichokijua. Ile sita haikuniulia mtoto. Nilikuwa na nafasi ya sita, nikampa kaka yangu, mtu mzima mwenye nyumba yake, nikamtoa mtoto kwenye benchi amejipaka mafuta ya picha. Wangenipa kumi, ningetafuta watu wa ukoo hadi kumi ijae, na yeye ningemtoa vile vile. Semeni serikali, ni haki yenu kuisema. Mkimaliza, mrudi nyumbani mkaangalie nani analala kwenu hamjamhesabu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kaka yangu akainuka, akachukua bakora yake, akaondoka.

Nilimkuta kwangu, amekaa mlangoni.

"Umenivua nguo mbele ya kijiji," akaniambia.

"Tumevuliwa wote wawili, kaka."

"Ukoo ukianza kuhesabu kwa vitanda, utakwisha. Mtakuwa kama watu wa mjini, hamjui nani wa nani."

"Huenda. Lakini yule alikuwa wa nani, siku zile tatu?"

Ni mtu mzima, macho yake yalilowa akajifanya anatafuta tumbaku. Naye alikuwa anasomewa barua na mtoto yule yule.

Sikusema tuache ukoo. Shamba langu bado litaenda kwa binti yangu, na mjomba bado ni mjomba. Mimi si mtu wa kubomoa nilichokikuta. Ila nikawaita wote, binti yangu na wanawe watatu, kaka yangu akiwa pale pale mlangoni. Mkubwa wa wale watoto alikuwa ameweka mikono nyuma, wanaogopa wote nikiwaita kwa pamoja. Nikawaamuru.

"Mwandikishaji akija, anaandikwa kwanza kila mtoto anayelala humu, awe wa kwetu, awe wa ng'ambo, awe wa mgeni aliyekwama na mvua. Nafasi zikiisha, wa kwanza kutolewa ni mimi, wa pili ni kaka. Na mtoto yeyote akichemka ndani ya nyumba hii, nikiwepo nisiwepo, hata mimi mwenyewe nikiwazuia, msinisikilize. Mbebeni mshuke zahanati. Ukoo wake mtamuuliza mkirudi."